Maandishi Meupe

Asubuhi ile nilishona zipu ya sketi ya mteja juu chini. Nikaifumua, nikaishona tena, juu chini. Mara ya tatu nikaitupa sketi mezani na kuzima cherehani. Miaka thelathini ya ufundi, mama mzima, leo zipu inanitoa jasho! Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi, na saa nne ndiyo alikuwa anakuja.

Sikukaa nikakalika. Nilifagia duka ambalo nilikuwa nimelifagia. Nilipanga makasha ya vifungo kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha nikayarudisha yalivyokuwa. Nilipita mbele ya kioo cha wateja nikajitazama, nikasema hapana, nikaingia nyuma ya pazia la kupimia na kubadili gauni. Nilikuwa nimeshabadili mawili nyumbani. Hili la tatu ndilo lililokuwa la kwanza.

Alinipigia simu Alhamisi, namba ngeni. Nilipokea nikidhani ni mteja.

"Sindano?"

Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa miaka thelathini na moja. Siku hizi mtaa mzima unaniita Mama Pindo. Sindano lilikuwa jina la msichana mwembamba mwenye ulimi mkali, na aliyelibuni alikuwa mtu mmoja tu.

"Nani mwenzangu?" niliuliza, kana kwamba sijui.

"Nimesikia ulichoniandikia. Jumamosi saa nne nitapita hapo kwako. Kama hutaki, niambie sasa hivi nikae kwangu."

Sikusema sitaki. Nataka pia sikusema. Nilimjibu, "Duka linafunguliwa saa mbili," kama naongea na mtu wa kupunguza kiuno cha suruali, nikakata simu. Halafu nikakaa chini kwenye marobota ya vitambaa.

"Hodi! Hodi hapa!"

Nikageuka mbio, hata saa nne ilikuwa haijafika. Lakini ile haikuwa sauti ya mwanamume. Alikuwa wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, na mkoba wake begani na daftari la kamati kwapani. Tangu achaguliwe mwenyekiti wa kamati ya mkutano wetu, hata kutembea kwake kumebadilika.

"Karibu, wifi. Si ulisema unakuja saa nane?"

"Saa nane nina kikao." Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kulikoni? Umejipara hivyo kuna harusi sikualikwa?"

"Gauni la kazini hili."

"La kazini, na mkufu juu?" Akavuta kiti cha wateja, ambacho ni kimoja tu dukani kwangu, akakikalia kama amekinunua. "Haya, fungua hiyo mashine. Wiki tatu zimebaki watu wakutane, na mimi siwezi kutangaza kitu ambacho sijakikagua."

Nikatazama saa. Saa tatu na nusu. Nikavua kompyuta kifuniko chake, ambacho nilikishona mwenyewe na kukiwekea lesi pembeni, nikaiwasha huku nikiomba ichelewe kuwaka. Siku hiyo ikawaka haraka.

Sisi sote tulizaliwa Kota. Ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, safu kwa safu, kila safu na bomba lake moja la maji. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja kiwanda kilifungwa, malori yakaja wiki moja tu, watu wakapakia magodoro na masufuria, na baadaye nyumba zenyewe zikabomolewa. Tukatawanyika. Tukawa tunaonana misibani. Mwaka jana, tulipotoka kumzika aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda, mtu mmoja akasema jamani tutakutana makaburini mpaka lini, tutengeneze tovuti, kila mtu wa Kota ajiandikishe aliko, tupange siku tukutane tukiwa hai. Wakaulizana nani ataitengeneza. Nikasema mimi.

Walicheka. Wifi alicheka mpaka akashika mgongo wa kiti. "Wewe? Hata simu unaishika kama pasi ya moto!"

Ndiyo maana nilijiandikisha. Miaka hamsini na mbili, na daftari jipya, kwenye darasa la watu wazima pale maktaba, kila Jumanne na Alhamisi jioni. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya uchapaji, hana subira hata ya kukopesha. Wiki ya kwanza alikuja kusimama nyuma yangu, akasikiliza, akasema, "Mama Pindo, huko chini hakuna pedali. Acha kukanyaga sakafu." Darasa likaangua kicheko. Nikajifunza. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami niliinama mpaka shingo ikaota nundu.

Mwalimu huyo ndiye aliyetufundisha kujaza ukurasa. Alisema ukurasa mtupu hauwezi kujua utakaaje, kwa hiyo uujaze maneno yoyote kwanza, hata ya kijinga, uone mkao wake, kisha utayatoa. Mimi nilikuwa najaza vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga. Mpaka siku nilipotengeneza ukurasa wa Tunaowatafuta. Niliandika jina lake la utani, nikaandika safu aliyokaa, na vidole havikusimama. Vilikwenda. Nilipokuja kusoma nilichoandika, nilitazama nyuma kama mwizi.

Kukifuta sikuweza. Basi nikafanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya. Ukurasa ulikuwa mweupe, nikayageuza maandishi yawe meupe. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, hata uvae miwani miwili huuoni mshono. Toka siku hiyo, kila wiki nikawa naongeza kidogo. Mwalimu aliwahi kuniuliza mbona chini ya ukurasa huu kuna nafasi ndefu tupu. Nikamwambia, "Nimeacha ya kukunjia, mwalimu." Akanitazama, akapita. Mara ya mwisho nilikuwa katikati ya sentensi mteja akabisha hodi. Nikachapisha hivyo hivyo, nikaondoka, na sikuwa na ujasiri wa kurudi kuimalizia.

Siri ile nilikuwa nayo mimi na kompyuta, na kompyuta haina mdomo. Ndivyo nilivyoamini.

"Hapa pazuri," wifi alikuwa anasema, pua imekaribia kioo. Alikuwa kwenye ukurasa wa Waliotangulia. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa ya kaka yake, ile ya shati la mistari, anacheka. Akaigusa kwa kidole. "Umemweka wa kwanza."

"Angekuwa wapi kwingine?"

Akapenga kamasi kidogo, akafunga mkoba wake uliokuwa umefungwa. "Nenda mbele."

Tukaenda mbele. Ukurasa wa picha za zamani, ukurasa wa ratiba, ukurasa wa kujiandikisha. Saa nne kasoro dakika tano. Nikafika Tunaowatafuta, nikaupitisha haraka.

"Rudisha, rudisha. Mbona huku chini pametupwa bure? Nafasi yote hii!"

"Ni ya kupumulia, wifi. Macho yanahitaji kupumzika."

"Macho yatapumzika usiku. Hapa weka picha ya kamati. Mimi katikati, wengine pembeni. Weka sasa hivi nione."

"Nitaweka kesho."

"Kesho kuna nini ambacho leo hakuna?"

Nilikuwa natafuta uongo wa kumjibu niliposikia kitu kikigonga kizingiti cha mlango. Tok. Tok. Kikatulia.

"Hodi wenye nyumba."

Miaka thelathini na moja inabadilisha vitu vingi, lakini sauti hiyo ilikuwa pale pale. Nikageuka. Alisimama mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, nywele zimejaa mvi, mabega yale yale yaliyokuwa yakivuta kamba ya kengele. Tulimwita Kengele, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya kubadilishana zamu kiwandani. Mtoto wa mlinzi wa geti. Vifungo vya shati alikuwa amevifunga vikapishana tundu moja, upande mmoja wa kola umepanda juu ya mwingine. Kitu cha mwisho nilichokiona kilikuwa ile fimbo nyeupe mkononi.

"Sindano, uko upande gani?"

"Niko hapa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

Akageuza uso kuifuata. Macho yake yakatua pembeni kidogo ya sikio langu, yakakaa hapo, na akatabasamu na hilo sikio. Lo! Nilikuwa nimehangaika na magauni matatu.

"Macho yamekuwaje?"

"Presha ya macho. Huu mwaka wa saba. Mwanga nauona, na kivuli cha mtu nakiona. Sura ndiyo imekataa." Akasita. "Kwani hukuwa unajua?"

"Ningejulia wapi?"

Tabasamu lake likapungua. Akashika fimbo kwa mikono miwili. "Kumbe hukujua," akasema taratibu, kama mtu anayepiga hesabu upya. Mimi nilimtazama nitakavyo, mistari ya mdomo, kovu la kidevuni ambalo nililijua, ncha za vidole zilizoota sugu. Aliniambia baadaye kwamba anasuka upya waya wa mota za pampu na feni, na waya unauona vizuri zaidi kwa vidole. Kumtazama mtu bila yeye kukutazama ni wizi, najua. Niliiba.

"Wifi," mwenyekiti akasema nyuma yangu, "huyu si yule mtoto wa getini?"

"Ndiye mimi," akajibu. "Na hiyo sauti ni ya yule mdogo aliyekuwa akinishtaki nikichelewesha kengele ya mapumziko."

"Ulikuwa unachelewesha kweli!"

"Nilikuwa nachelewesha kweli."

Wifi nusura acheke. Akajizuia. "Umekuja kujiandikisha? Kuna fomu humo kwenye tovuti, haina haja ya mtu kufunga safari."

"Nimekuja kuuliza swali moja." Akanigeukia mimi, au sikio langu. "Maneno yako nayasikiliza mwezi wa pili huu. Mpwa wangu ndiye aliyeniambia kuna tovuti ya watu wa Kota. Simu yangu inanisomea, kila kilichoandikwa inakisema. Nikasikia jina langu kwenye wanaotafutwa, nikafurahi. Halafu ikaendelea kusoma. Nikamwita mpwa wangu, nikamwambia hebu nionyeshe hapo palipoandikwa habari za bomba. Akasema mjomba, hapa hakuna kitu, ni peupe tu. Nikajua basi. Nikasema moyoni, huyu mwanamke amesikia kwamba sioni, ameniandikia kwa namna ambayo hakuna mwingine atakayeisikia ila mimi."

Uso uliniwaka moto. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe! Nilikuwa nimewaficha wenye macho wote, na nikamwachia wazi yule mmoja niliyekuwa namwandikia.

"Maneno gani?" Wifi alikuwa amesimama. "Habari za bomba gani? Mimi tovuti hii nimeikagua yote sasa hivi, juu mpaka chini."

"Wifi, tafadhali."

"Nauliza maneno gani!"

Kengele hakuwa mtu wa hila. Aliulizwa, akatoa simu mfukoni, akaigusa mara mbili. Ikaanza kuongea, sauti ya mwanamke asiye na haraka wala huruma.

"Tunaowatafuta. Kengele, mtoto wa mlinzi wa geti, safu ya tatu. Mwenye habari zake apige simu dukani kwa Mama Pindo."

"Hayo nimeyaona," wifi akasema.

"Kengele. Nilisimama pale bombani na ndoo mpaka maji yakakatwa. Ulisema utakuja kuniaga. Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Mume wangu alikuwa mtu mwema na sikumdanganya hata siku moja. Ila mpaka leo nikisikia kengele ya shule naacha kushona. Leo nimejifunza kuweka picha. Picha yako sina. Nimefumba macho nione kama naikumbuka sura yako, nikaikumbuka, nikakasirika. Ukija,"

Kimya.

"Mwisho wa ukurasa."

Wifi alivaa miwani yake, akakimbilia kompyuta, akaanza kupapasa kioo kwa kidole. "Wapi? Wapi hapo? Mbona mimi sioni kitu?"

Kengele akaishusha simu.

"Inafika kwenye 'ukija' inanyamaza," Kengele akasema. "Nilidhani ni simu mbovu. Nikabadilisha simu. Nayo ikanyamaza pale pale. Kwa hiyo nimekuja. Nikija, nini?"

Ningeweza kusema ni maneno ya kujazia tu, ya kupima mkao wa ukurasa, mwalimu ndivyo alivyotufundisha. Jibu lilikuwa pale pale ulimini. Badala yake likatoka swali, lililokaa kooni tangu ujana.

"Kwanza wewe uniambie. Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa juu ya lori."

"Lori gani?"

"Letu. Lilipita njia ya nyuma ya safu ya tatu. Nilikuwa nimekaa juu ya magodoro, mama upande huu, ndugu zangu upande huu. Nilikuona, Sindano. Ndoo ya bluu, umejifunga khanga kiunoni. Mkono wangu ulikuwa juu ya bati. Unajua lori linavyosimamishwa, unagonga bodi mara mbili, dereva anasimama. Mara mbili tu."

"Na hukugonga."

"Sikugonga."

"Mtu kazi yake kugonga kengele!"

"Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo moja, na siku hiyo ikanishinda." Alimeza mate. "Siku mbili kabla nilikwenda kwenu kusema na baba yako. Alinikaribisha vizuri. Akaniuliza, kijana, kiwanda kikifungwa, wewe utakuwa unagonga nini? Sikuwa na jibu. Juu ya lori nikajiuliza, nikishuka nitakwenda kusimama naye wapi? Nikaliacha lipite."

Nilianza kutembea. Kutoka meza ya kukatia mpaka kwenye pasi, kutoka kwenye pasi mpaka mlangoni. Hasira niliyokuwa nayo sikujua pa kuiweka.

"Miaka thelathini na moja," nikamwambia, "nilidhani ulipitiwa na usingizi. Nikakusamehe kwa kulala. Nilisema maskini, kazi ya zamu ilimchosha. Leo unakuja kuniambia ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Ungenidanganya basi!"

"Ningekudanganyaje na wewe umeniandikia ukweli mtupu?"

Nikasimama mbele yake. Nilitaka kumpiga, wallahi. Mikono yangu ikaenda kifuani kwake, ikafungua kifungo cha juu, kisha cha pili. "Simama sawa. Vifungo vimepishana, umevaa kama mtu aliyekimbia moto." Akasimama sawa, kidevu juu, hapumui. Nilivifungua vyote na kuvifunga upya kimoja kimoja mpaka kola ikakaa, na vidole vyangu, ambavyo asubuhi nzima vilishindwa na zipu, havikutetemeka hata kidogo.

"Wifi!" Mwenyekiti alikuwa ameketi tena, mkono kifuani. "Mbele yangu? Mbele ya kaka yangu? Yumo humo humo ndani, Waliotangulia, picha ya kwanza, na wewe huku unamwandikia mwanamume barua. Kurasa nne tu kutoka kwake!"

"Kaka yako nilimuuguza miaka miwili. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sijasema hukumuuguza."

"Nilimpenda."

"Sijasema hukumpenda!" Machozi yalikuwa yanamshuka, na yalinichoma, kwa sababu hakuwa akilia kwa hila. "Mimi nasema watu wa Kota wote watakuwa humo. Watasema nini? Kwamba kaka yangu alikuwa anaishi na mke anayesikiliza kengele? Nampigia mwanao. Ngoja nimpigie."

Akapiga, akaweka sauti ya juu. Binti yangu alipokea haraka, nyuma yake kelele za kazini.

"Shangazi, niko kazini, kuna nini?"

"Mama yako ana mwanamume dukani."

"Si wateja hao?"

"Si mteja! Ni wa Kota. Wa zamani. Wa kabla ya baba yako!"

Kelele za nyuma yake zikafifia. "Mama, upo hapo?"

"Nipo, mwanangu."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unalia?"

"Shangazi yako ndiye anayelia."

Akavuta pumzi. Namjua, hiyo ni pumzi ya kuhesabu mpaka kumi. "Jioni nakuja. Mama, sijapenda. Nataka ujue sijapenda kusikia hivi. Na huyo baba asiondoke kabla sijamwona." Akakata.

"Umesikia?" wifi akaniambia. "Hata mtoto hataki. Sasa kaa hapo ufute. Sikulazimishi kwa ubaya, wifi. Futa tu, weka picha ya kamati, na mimi naapa sitamwambia mtu. Itakuwa kama haikuwahi kuandikwa."

Nikakaa mbele ya kompyuta. Kengele alibaki amesimama pale nilipomwacha, fimbo mbele yake.

"Ukitaka futa," akasema. "Ni haki yako. Mimi nitaita gari nirudi nilikotoka, safari hii nitakuaga. Ila naomba uniambie kwanza ile sentensi ilikuwa inakwenda wapi. Nisirudi nayo nusu."

Niliingia mahali pa kurekebishia ukurasa, nikashika kipanya, nikavuta kutoka juu mpaka chini ya ile nafasi tupu. Pakageuka bluu, na maandishi yangu yakajitokeza juu yake, mstari kwa mstari, wiki kwa wiki. Wifi akasonga mbele. Midomo yake ikawa inacheza, anasoma. Alipofika kwenye 'mume wangu alikuwa mtu mwema', aliweka mkono mdomoni, na hakuuondoa.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Kubonyeza mara moja tu. Nilifikiria ndoo ya bluu, na mkono wa kijana juu ya bati la lori, umelala tu hapo, haunyanyuki. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka kifua kinauma. Na sasa kidole changu mwenyewe kiko juu ya kitufe, wifi ananitazama, binti anakuja jioni, na Kota nzima itasoma.

Nikakiondoa kidole. Nikaenda kwenye rangi, nikachagua nyeusi.

"Wifi, unafanya nini? Wifi!"

Nikashuka mpaka mwisho, pale kwenye "Ukija" na mkato wake. Nikaandika neno moja, nikaweka nukta. Nikabofya pa kuchapisha, nikangoja ule mduara uzunguke mpaka ukatulia.

"Fungua tena simu yako," nikamwambia.

Akaigusa. Yule mwanamke akaanza mwanzo, polepole, hana habari kwamba kuna watu hapa wanaungua. Bomba. Ndoo. Nimeolewa, nimezaa, nimezika. Kengele ya shule. Picha. Kengele alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza maneno anayoyajua kwa moyo, hajui kwamba sasa ni meusi na kila mtu ataweza kuyaona. Mimi nilikuwa naangalia koo lake.

"Nikaikumbuka, nikakasirika. Ukija, usirudi."

"Mwisho wa ukurasa."

Kengele akainua kichwa. Halafu akaishika fimbo yake nyeupe, akaikunja, kipande juu ya kipande, mpaka ikabaki fupi ya kuingia mfukoni. Akaiweka mfukoni.

"Kiti kiko upande gani?" akauliza.

Kiti kilikuwa kimoja, na wifi ndiye aliyekuwa amekikalia. Alinitazama. Akaitazama kompyuta, macho mekundu. Akainuka, akalichukua daftari lake la kamati, akakisukuma kiti kwa goti mpaka kikagusa miguu ya Kengele.

"Mimi sijakubali kitu," akasema. "Nimesimama tu, miguu imekufa ganzi."